Nyekundu na Waridi: Nani Alisema Hazipatani?

Wiki tatu kabla ya harusi, shangazi wa bibi harusi aliniambia kuwa siku hiyo atakuwa na homa. Alikuwa amekaa nyuma ya meza yake sokoni, mzima kabisa, akifunga mafungu ya mchicha. Mimi ni muuguzi, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka ishirini. Homa nimeziona za kila namna, lakini homa ya kupangiwa tarehe hatukufundishwa chuoni.

"Shangazi, hebu niambie ukweli," nikamwambia.

Akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti. "Nesi, mimi sina sare."

Kamati ilikuwa imeamua kuwa kina mama wote wa upande wa bibi harusi wavae kitenge cha rangi ya waridi, au pinki kama tulivyozoea kuiita. Kitambaa kilikuwa shilingi 35,000 na fundi alitaka 25,000. Shangazi ni mjane, na biashara yake ni hiyo ya mboga. Binti anayeolewa alimlea yeye tangu akiwa darasa la pili, mama wa binti alipofariki. Kabatini alikuwa na gauni moja la maana, la kitenge chekundu, alilolishona kwa ajili ya mahafali ya binti huyo huyo. "Ningelivaa hilo," akasema, "lakini nyekundu na pinki haziendani. Nitawaharibia picha."

Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Mimi nilikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Siku sare ilipopitishwa nilinyoosha mkono kama wenzangu, na wala sikujiuliza ni nani hataweza. Tena ile kanuni kwamba nyekundu na waridi haziendani nimeisikia tangu nikiwa msichana, nikaishika, nikawafundisha na wanangu. Usiku huo nikajiuliza kwa mara ya kwanza: kwani nani alisema?

Mama na mwana

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni niliwahi kuloweka sare yangu nyeupe pamoja na kanga mpya nyekundu. Asubuhi nilipoitoa kwenye beseni ilikuwa ya waridi kuanzia kola hadi pindo. Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Msimamizi wa bweni hakucheka, na wiki ile nzima nilivaa sare ya kuazima iliyonibana kwapani.

Lakini beseni lile lilinionyesha jambo ambalo kila mchora picha analijua. Waridi si rangi ya ukoo mwingine. Ni nyekundu iliyochanganyika na nyeupe. Ni mama na mwana. Sasa tazama jinsi tunavyozitendea familia nyingine za rangi. Mwanamume akivaa shati la buluu ya mawingu chini ya suti ya buluu nzito, tunasema amependeza. Krimu na kahawia tunaziweka pamoja sebuleni bila kuuliza. Kijani cha majani machanga kikikaa juu ya kijani kizito, hakuna anayegeuka. Ni mama huyu mmoja na mwanawe tu tuliowatenganisha.

Kazini kwangu rangi hizi mbili ninazikuta pamoja kila siku. Tukitaka kujua kama mgonjwa amepungukiwa damu tunavuta kope ya chini ya jicho, kisha tunatazama ulimi na viganja. Ndani ya kope pakiwa na waridi iliyoiva, yenye mishipa midogo myekundu, tunashukuru. Pakiwa peupe tunampeleka maabara. Mtoto anapozaliwa, moja ya mambo matano tunayoyapima katika dakika ya kwanza na ya tano ni rangi yake, kwa kipimo alichokichapisha daktari Virginia Apgar wa Marekani mwaka 1953. Mtoto aliye waridi mwili mzima hupata alama zote mbili za rangi. Kwa watoto wetu wenye ngozi nyeusi tunaangalia midomo, ulimi, viganja na nyayo. Sijaona rangi nzuri kuliko hiyo saa tisa ya usiku, hasa kama uchungu ulikuwa mrefu.

Na ukitoka nje mambo ni yale yale. Pasua komamanga, au kata pera lenye nyama ya waridi uliweke karibu na tikiti maji lililoiva. Mahali ambapo bogenvilia imepanda ukutani na kuegemea haibiskasi nyekundu, sijapata kumsikia mtu akisema ukuta ule umekosea.

Desturi zina tarehe

Kina mama tunaogopa sana kucheka kwa watu, kwa hiyo tunazishika kanuni za mavazi kama amri. Lakini kanuni nyingi za rangi si za zamani kama tunavyodhani. Leo mtoto wa kike akizaliwa tunamletea blanketi la waridi, na wa kiume la buluu. Mwaka 1918 jarida moja la biashara ya nguo za watoto nchini Marekani liliwashauri wasomaji wake kinyume chake: waridi iwe ya wavulana kwa kuwa ina nguvu zaidi, na buluu, ambayo ni laini, iwe ya wasichana. Ndiyo, waridi ilihesabiwa kuwa na nguvu kwa sababu ilionekana kuwa mtoto wa nyekundu.

Zamani hata kuzipata rangi hizi kulikuwa na gharama. Huko Mexico walitumia wadudu wadogo wanaoishi kwenye mpungate. Waliwakausha, wakawasaga, na ratili moja ya rangi ilihitaji wadudu wapatao 70,000. Wahispania walipoifikia nchi hiyo katika karne ya 16, rangi hiyo ikawa bidhaa kubwa Ulaya, ikavaliwa na wenye nacho. Kisha mwaka 1859, huko Lyon nchini Ufaransa, mkemia François-Emmanuel Verguin alitengeneza kwa kemia rangi iitwayo fuksini, waridi kali yenye kuelekea zambarau. Haikupita muda watu wakaiita majenta, kwa jina la vita vilivyopiganwa Magenta, Italia, mwezi Juni mwaka ule ule.

Fuksini ninaifahamu vizuri kuliko mafundi cherehani wengi, kwa sababu ndiyo inayotumika maabara kupaka makohozi ya mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu. Vijidudu huishika rangi hiyo vikaonekana vyekundu juu ya buluu. Rangi iliyovalishwa mabibi wa Paris ndiyo hiyo hiyo iliyotusaidia kuona adui aliyekuwa akiua majumbani. Nilipolijua hilo nilikoma kuidharau pinki kali.

Hao wa Paris nao hawakukaa kimya. Mwaka 1937 Elsa Schiaparelli, mbunifu wa mavazi mzaliwa wa Roma, alitoa manukato ndani ya kisanduku cha waridi kali kabisa akayaita Shocking, na waridi ile ikawa alama yake. Baadaye Yves Saint Laurent, aliyezaliwa Oran, Algeria, mwaka 1936, aliweka waridi, nyekundu na machungwa katika vazi moja, naye alikiri kuwa ni Marrakech iliyomfungua macho kuhusu rangi. Kwa maneno mengine, Ulaya ilikuja kujifunza Afrika. Na kina mama wa Gujarat na Rajasthan huko India wala hawakumsubiri mbunifu yeyote. Kitambaa chao kinachofungwa mafundo madogo madogo kabla ya kutiwa rangi kina nyekundu na waridi bega kwa bega, na huvaliwa harusini.

Nyekundu si moja

Hapa ndipo wengi tunapokosea, na nadhani ndipo lile katazo lilipopata nguvu. Tunasema "nyekundu" kana kwamba ni kitu kimoja. Kuna nyekundu inayoelekea machungwa: nyanya mbivu, pilipili iliyoiva, mafuta ya mawese. Na kuna nyekundu inayoelekea zambarau: maji ya choya, bitiruti, na ile tunayoiita damu ya mzee. Waridi nayo ina pande mbili hizo hizo. Ya nyama ya pera huelekea machungwa, na ya bogenvilia huelekea zambarau.

Ukichukua nyekundu ya nyanya ukaiweka na waridi ya pera, zitakaa kama ndugu. Damu ya mzee na waridi ya bogenvilia, vivyo hivyo. Lakini ukiivusha moja kwenda upande wa pili, kila moja itaifanya nyenzake ionekane kama imechafuka. Mtu akiliona hilo mara moja husema rangi hizi zinapigana, akafunga mjadala. Kumbe hazikugombana nyekundu na waridi. Zimegombana machungwa na zambarau zilizojificha ndani yake.

Utazijuaje? Weka kitambaa juu ya karatasi nyeupe, kisha weka cha pili kando yake. Ukitazama kimoja peke yake jicho hudanganyika, lakini viwili vikiwa pamoja kila kimoja humsema mwenzake.

Tena usifanye hivyo ndani ya duka. Balbu ya manjano huifanya nyekundu iwake kuliko ilivyo, na tyubu nyingi huizima. Vitambaa viwili vinavyolingana dukani vinaweza kukataana kabisa juani. Sisi hospitalini tukitaka kuona kama macho ya mgonjwa yana manjano tunamsogeza dirishani kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu hiyo hiyo. Kwa hiyo mwombe mwenye duka akuruhusu ufike mlangoni. Akikataa, duka si moja.

Jambo jingine ni jicho kuchoka. Ukitazama nyekundu kwa muda mrefu, kisha ukahamisha macho kwenye kitu cheupe, utaona kivuli cha kijani. Wapasuaji walisumbuliwa na jambo hilo walipokuwa wakivaa nyeupe, wakiinua macho kutoka kwenye damu. Mwaka 1914 daktari Harry Sherman wa San Francisco akaanza kutumia kijani chumbani mwake cha upasuaji, na leo kijani na buluu ndizo tulizozizoea humo. Sokoni muuzaji akikufunulia majora kumi mekundu mfululizo, waridi ya kumi na moja utaiona imepauka hata kama si hivyo. Geuka utazame mti au ukuta wa kijivu kwa muda kidogo, ndipo uamue.

Nani awe mkubwa

Rangi mbili zinazowaka kwa kiasi kimoja, zikigawana nusu kwa nusu, huumiza macho pale zinapokutana. Ni kama kwaya ambayo kila mtu ni sauti ya kwanza. Afadhali moja iwe mwenye nyumba na nyingine mgeni. Gauni la waridi iliyopauka, mkoba na viatu vyekundu. Au sketi ya damu ya mzee na blauzi ya waridi laini, hapo tofauti ya uzito yenyewe inazipatanisha. Ukizitaka zote mbili zikiwa kali, basi ziwekee mpaka: ukanda mweupe, krimu au mweusi katikati. Kanga ya kisutu, ile ya harusi za pwani, nyekundu yake ni kali sana, lakini nyeusi na nyeupe zimeishika isimwagike.

Vito vya dhahabu hukaa vizuri zaidi na upande wa nyanya, na fedha na upande wa bogenvilia, ingawa hapa mimi mwenyewe huvunja kanuni kwa kuwa nina hereni jozi moja tu.

Nyumbani sina mengi ya kusema. Mito miwili myekundu juu ya kochi la waridi iliyofifia hupendeza. Kuta nyekundu sipendi, hasa chumba cha kulala, na chumba cha mgonjwa ndiyo kabisa.

Lakini kuna neno nimelisikia mara nyingi kanisani na mtaani, kwamba nyekundu si ya mwanamke mzima na pinki ni ya watoto. Mama akifika miaka hamsini anaachiwa kahawia na kijivu. Mimi sikubaliani nalo. Ngozi yetu nyeusi huibeba waridi kali na nyekundu iliyokolea kwa namna ambayo ngozi nyingine huililia. Nimewaona wagonjwa wazee, waliokata tamaa, wakiletewa kanga nyekundu na binti zao wakaomba kioo. Sisemi kanga inaponya. Ninasema waliomba kioo.

Mlangoni kwa fundi

Turudi kwa shangazi. Nilimwomba anipe lile gauni jekundu, nikaenda nalo kwenye kikao cha kamati kilichofanyika kwa fundi. Mama mwenyekiti alipoliona akasema, "Nyekundu na pinki? Tutaonekana kama pipi." Nikawaomba wote tutoke mlangoni, juani, tukaweka gauni kando ya kitenge cha sare.

Kwa kweli vilikataana. Sare tuliyoichagua ilikuwa ya pera, na gauni la shangazi lilikuwa limeelekea damu ya mzee. "Si nilisema!" akasema mwenyekiti, na mimi nikabaki nimeshika vitambaa kama mtoto aliyevunja sahani.

Aliyetuokoa ni fundi. Aliingia ndani akarudi na kitenge kilichobaki kwa mteja mmoja, chenye maua ya nyekundu aina mbili, waridi aina mbili, na krimu katikati. Akakilaza juu ya vile viwili. Ghafla gauni halikuonekana tena limepotea njia, kwa sababu wekundu wake ulikuwamo ndani ya maua yale, na waridi ya sare ilikuwamo pia. "Mkiwa na ugomvi wa ndoa mnamtafuta mshenga," akasema. "Huyu ndiye mshenga."

Tukaamua hapo hapo. Kila mama avae kilemba na mtandio mwembamba wa kitenge kile, shilingi 6,000 kwa mtu. Mwenye sare ya waridi aivae, na mwenye gauni jekundu la aina yoyote alivae. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande, akasisitiza wekundu wasizidi watano.

Walikuwa saba. Sikujua kuwa wapo wengine sita waliokuwa wakijiandaa kuugua. Mmoja wao alinifuata baadaye, mama ambaye tayari alikuwa amekopa kwenye kikundi ili anunue sare, akaniuliza kwa upole kwa nini hatukusema hivyo tangu mwanzo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Siku ya harusi shangazi alikuja mapema kuliko wote. Katika picha amesimama kulia kwa bibi harusi, gauni jekundu, kilemba cha mshenga, na nyuma yake mstari wa waridi na nyekundu ukipokezana. Mpiga picha alidhani tulipanga hivyo tangu awali, nasi hatukumkosoa.

Kabla hujafua

Ukishapata nguo yenye rangi zote mbili, usirudie kosa langu la chuoni. Kabla ya kushona, lowesha pembe ya kitambaa chekundu, kibane kwa kitambaa cheupe kwa dakika chache. Kikiacha alama, kifue peke yake kwa maji baridi mara kadhaa hadi maji yatoke safi, ndipo kiungwe na waridi. Wengi hutia chumvi au siki wakitumaini itashika rangi, lakini kwa vitambaa vya pamba vya viwandani havizuii kutoka. Usiloweke kwa muda mrefu, usiache nguo mbichi imekunjwa, na uianike kivulini ikiwa imegeuzwa ndani nje. Nyekundu ikishachafua nguo nyingine, usiikaushe. Irudishe majini saa hiyo hiyo, kwa sababu doa likishakauka huwa gumu kutoka. Dawa ya klorini ni ya pamba nyeupe tupu, nayo huiunguza rangi nyingine yoyote.

Shangazi analifua lile gauni kwenye beseni dogo, peke yake. Juzi nilipopita kununua mchicha nilimwuliza kuhusu ile homa yake. Akasema imemhamia mwenyekiti, tangu aliposikia kuwa kwaya ya kina mama wanataka sare ya nyekundu na pinki.